Sahihi ya Baada ya Kidonge

Hadi leo nadaiwa jogoo, viatu vya shule vya watoto wasio wangu, tiketi za mechi siku Namungo watakapowakaribisha Yanga pale Uwanja wa Majaliwa, mchango wa unyago wa binti wa shemeji, na, hili ndilo linalonikondesha, mpaka wa shamba la mikorosho. Katika madeni yote hayo hakuna hata moja ninalolikumbuka. Wadai wangu wana mashahidi, na kila shahidi naye ni mdai. Nikiuliza niliahidi lini, wananijibu kwa pamoja, utadhani wamefanya mazoezi: "Siku ile hospitali, ulipopewa kidonge."

Haya, tuanze na ugonjwa. Nilikuwa na ngiri. Naomba isomwe hivyo hivyo, ngiri, kwa sababu huku kwetu mwanamume akilazwa kwa maradhi yaliyo chini ya kitovu na juu ya magoti, mtaa mzima unakubaliana kwamba ni busha. Sina ubaya na busha. Linaletwa na minyoo myembamba inayosambazwa na mbu, na mikoa ya Lindi na Mtwara imeumia nayo miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana tumekuwa tukigawiwa vidonge vya ivermectin na albendazole kijiji kwa kijiji, na ndiyo maana kambi ya upasuaji wa mabusha ikitangazwa wazee wanafika alfajiri na mikeka yao. Kuna wanaoapa kwamba busha linatokana na kunywa madafu. Watu wa Nachingwea na Ruangwa tuko mbali na bahari, dafu tunaliona kwa mchuuzi, na mabusha tunayo. Mbu anatosha.

Ngiri ni habari nyingine. Ukuta wa tumbo umelegea, utumbo umepata mwanya, unachungulia. Mimi wangu ulilegezwa na magunia ya korosho niliyobeba ujanani nikidhani nguvu hazina mwisho. Nilimweleza hivyo kila aliyekuja kunijulia hali. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akaweka machungwa mezani, akasema, "Pole sana na busha."

Hospitali siitaji. Kati ya Nachingwea na Ruangwa ziko za serikali na ziko za misheni, na watu wa huko ukiwatajia jina la hospitali watakutajia na namba ya kitanda.

Jioni kabla ya upasuaji akaja mtaalamu wa usingizi. Kijana mpole, kalamu mbili mfukoni, faili kwapani. Akavuta kiti, akaketi. Hilo la kuketi nalisema makusudi, kwani wengine wote waliopita siku ile walinisemesha wamesimama, na mtu akikusemesha amesimama nawe umelala unajiona tayari uko kwenye jeneza. Akaniuliza kama nimewahi kupigwa nusukaputi. Nikasema sijawahi. Nina pumu? Sina. Kuna jino linalocheza? Lipo moja, akaliandika. Halafu, kwa sauti iliyosikika hadi dirishani, "Unatumia kilevi?"

Ilikuwa msimu. Mabibo yametanda chini ya mikorosho kote, na mtu wa Nachingwea au Ruangwa anajua mabibo yakitanda uraka hauko mbali. Kulia kwangu alikaa mke wangu. Kushoto, kitanda cha pili, mzee mmoja imamu wa msikiti, naye alikuwa amefunga kitabu chake ili asikie vizuri.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?"

Mke wangu akaangalia dari. Imamu akaniangalia mimi. Nikasema, "Kidogo cha kawaida," na mtaalamu, Mungu amzidishie, akaandika kitu kirefu kuliko nilichosema. Akaeleza kwamba ubongo wa mnywaji wa kila siku umeshazoea kulegezwa, kwa hiyo dawa inabidi ipangwe upya, na kwamba mtu akichanganya pombe na dawa ya kutuliza anaweza kusahau kupumua. Kusahau kupumua! Mambo hayo unamwambia mtu uliyekuja kumtoa hofu.

Lakini la maana alilolileta jioni ile ni fomu ya ridhaa. Akaisoma yote, akanieleza watakata wapi na watashona nini, akanipa kalamu. Nikasema niache kwanza, nitatia sahihi kesho nikiwa nimetulia. Akakataa katakata. "Kesho asubuhi nesi atakupa kidonge cha kukutuliza. Baada ya kidonge, mzee, sahihi yako siipokei." Kwa nini? "Kwa sababu mtu aliyetulizwa kwa dawa anakubali kila kitu."

Naomba wanaukoo wanaosoma safu hii wairudie sentensi hiyo, wakiweza wainakili.

Nikatia sahihi. Na nikiri kwamba alipoondoka nilikuwa nimetulia kweli, bila kidonge chochote. Nilikuwa najua saa, najua sindano itaingia mgongoni, najua miguu itakufa ganzi nami nitabaki hai. Ningelala usingizi wa mtoto, kama si ndugu zangu.

Wauguzaji wa huku Kusini hawaji mmoja. Alikuja shangazi na chupa ya chai, akakaa miguuni pangu, akaanza kisa cha mtu wa Mnero aliyechomwa sindano ya usingizi akawa hajaamka, mpaka mtu mwingine akamkumbusha kwamba aliamka, tena juzi alionekana mnadani. Alikuja shemeji, akataka kujua bima inalipa nini na hailipi nini, na kama nisipoamka fedha ya dawa inarudishwa. Wazee wa vitanda vya mbele, wote wa mabusha, walikuwa wakinicheka waziwazi kwa kusikia nimeahidiwa kidonge cha hofu. Wao waliingia jando porini, kwa ngariba, dawa yao ngoma na nyimbo za kupigwa kwa nguvu ili kilio kisifike kijijini. Nikawauliza, ile ngoma haikuwa dawa ya kutuliza? Wakanyamaza kidogo. Kisha mmoja akasema ilikuwa ya kuwatuliza akina mama.

Mwisho akaja mtani wetu kutoka Masasi. Mtani haombi ruhusa ya kuingia wodini, anaingia. Alikuwa na kamba ya katani. Akanipima kutoka utosini hadi nyayo, akafunga fundo, akawatangazia wodi nzima kwamba fundi seremala anasubiri kipimo nje, na kwamba baiskeli ameshaichukua ili isiozee kwa wajane. Wodi ikaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa kuwa mila hainiruhusu kukasirika. Ila mapigo ya moyo hayajui mila. Nesi alipokuja kupima presha alitazama mashine, akanitazama mimi, akaipima tena.

Asubuhi sasa. Nilikuwa sijala tangu usiku, na kitandani pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ASILE. Saa moja akaja nesi na kikombe kidogo, ndani yake kidonge kimoja, udogo wake kama punje ya mtama, na maji funda moja. Shangazi akaruka. "Sista, huyu amekatazwa kula!" Ukazuka mjadala. Shemeji akasema kidonge si chakula, lakini maji ni kinywaji. Mke wangu akasema kama kidonge kinaruhusiwa basi hata uji mwepesi unaruhusiwa, na uji anao. Wote wakamgeukia imamu. Imamu akavua miwani, akasema yeye anahukumu saumu ya Ramadhani, hii ni saumu ya daktari, muulizeni daktari. Nesi, ambaye alikuwa na wagonjwa wengine, akaeleza kwa pumzi moja kwamba kinachoogopwa ni chakula tumboni: mtu akilegezwa, koo nalo linalegea, chakula kikipanda kinaweza kuteremkia kwenye mapafu. Funda la maji halifiki huko. "Meza, baba." Nikameza.

Kilikuwa diazepam. Nimeusoma ukoo wake baadaye, kwa hasira, nikitaka kujua nimshitaki nani. Mwenyewe ni Leo Sternbach, mkemia aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Roche huko New Jersey, Marekani, na dawa ikaingia sokoni kule mwaka 1963 kwa jina la Valium. Wamarekani waliipenda mno. Kuanzia 1969 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliongoza kwa mauzo nchini mwao. Ikifika ubongoni inakipa nguvu kitu kiitwacho GABA, ambacho kazi yake ni kuziambia chembe za fahamu zipunguze kelele. Hofu inashuka. Misuli inalegea. Na ulinzi wote wa mtu mzima, ule uliojengwa kwa miaka mingi ya kukopwa na ndugu, unakwenda likizo.

Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye orodha. Hesabu ya hospitali ilikuwa sawasawa: kidonge mapema, kipate muda wa kufika, halafu machela. Lakini ghafla akaletwa mama mjamzito kutoka kijijini, mtoto amekaa vibaya, akaingizwa yeye. Hapo sina kinyongo hata chembe. Mama kwanza, ngiri ilishasubiri miaka. Nimeambiwa mtoto ni wa kiume na analia vizuri. Ninachosema ni kwamba mimi nilibaki wodini na kidonge kinafanya kazi, bila daktari wa kunifanyia kazi, katikati ya ukoo wangu.

Ninachokumbuka ni feni. Feni ya darini ilikuwa inazunguka taratibu, nikaiona ni kitu kizuri sana, nikashangaa kwa nini sijawahi kumshukuru mtu kwa ajili ya feni. Nakumbuka nilimtazama shemeji nikampenda. Huyo shemeji! Nakumbuka nilianza kusema, "Unajua, jamani..." Hapo mkanda unakatika. Unaungana tena jioni, miguu mizito, kidonda kimefungwa, mke wangu amenuna.

Wataalamu wanalijua vizuri jambo hili. Dawa za kundi hilo, na hasa ndugu yake diazepam aitwaye midazolam, ambaye nasikia alinifuata kwa sindano huko ndani, zinaweza kuzuia ubongo usiandike kumbukumbu mpya. Mtu anaongea, anacheka, anajibu maswali, anamtambua mjomba wake, lakini kalamu haina wino. Kwa mgonjwa ni rehema, hakumbuki taa wala mikasi. Kwa ukoo wangu ilikuwa neema.

Taarifa za yaliyosemwa nimezipata kwa wadai wenyewe. Shemeji anasema nilimshika mkono nikatoa machozi kwa ajili ya unyago wa binti yake, nikasema mchango niachieni mimi. Shangazi anasema niliuliza wajukuu wake wanakwenda shule na nini miguuni. Mimi, ambaye wangu mwenyewe wanakwenda na ndala! Vijana wa bodaboda walioleta chakula wanasema niliwaambia Yanga wakija Ruangwa tutakaa jukwaa kuu, wote. Mtani anataka jogoo, tena anamtaja kwa rangi, na hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, maana yule jogoo mwekundu mtani hajawahi kumwona.

Halafu mjomba. Mjomba alikuja kutoka upande wa Nachingwea, hotipoti mkononi, kanzu imepigwa pasi. Wasio wa huku hawatanielewa, kwa hiyo niseme tu kwamba kwetu, watu wa ukoo wa mama, baba ni mzazi lakini mjomba ndiye serikali. Shamba lake na langu yamepakana, na katikati kuna mstari wa mikorosho ambayo babu aliipanda bila kumwambia mtu ni ya nani. Kila msimu, korosho zikianguka, sisi wawili tunakuwa na heshima nyingi mno. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, hujambo?" Na huku kila mmoja anaangalia kapu la mwenzake. Hatujawahi kugombana. Tumekuwa tukingojana.

Basi siku ile, kwa maelezo yake, alinikuta nimechangamka. Akanisalimia. Akaniuliza kwa upole, huku anafungua hotipoti ambayo hata sikuruhusiwa kuonja, "Mjomba, na ile mikorosho ya katikati tuifanyeje?" Nami nikajibu, kwa ushahidi wa mtani, shangazi na mzee mmoja wa busha asiye na undugu nasi, "Chukua, mjomba. Yote chukua. Korosho ni nini?"

Korosho ni nini! Maneno hayo hayawezi kutoka kwa mtu mwenye akili zake katika mkoa wa Lindi. Hilo peke yake lingetosha kuwa ushahidi wangu.

Nilipopona vya kutosha kukaa, baraza likaitwa chini ya mwembe. Nikajitetea. Nikasema hospitali yenyewe, yenye madaktari na mihuri, haikubali sahihi ya mtu aliyemeza kidonge. Ninyi mnakubali vipi maneno yake? Nikawaletea na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotaka mtu anayeingia mkataba awe na akili timamu wakati anapoingia. Nikasema ahadi za mtu ambaye hayuko sawasawa zingekuwa zinadumu, hapa Nachingwea tungekuwa tunaogelea kwenye karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliapa watalima karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu mpaka dunia ikose pa kuyaweka mafuta. Wakaleta matrekta, wakaleta na reli kutoka pwani. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umeshakufa na mamilioni ya pauni, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuna aliyewashitaki? Hakuna. Kila mtu alielewa kwamba wale mabwana hawakuwa sawasawa.

Mjomba akasubiri nimalize. Akajikohoza. "Waingereza," akasema, "hawakuniahidi mimi."

Halafu akaendelea, na hapa ndipo alipolichukua baraza. Akasema hospitali inakataa sahihi kwa sababu inaogopa kesi, na yeye haogopi kesi. Akasema wote waliokaa pale wamewahi kumsikia mtu aliyekunywa uraka, na wanajua kwamba uraka hauleti maneno mapya, unayatoa yaliyokuwemo. Akasema, "Kidonge kile nimekiona. Hakikuwa na mikorosho ndani yake. Mikorosho ilitoka kwako." Wazee wakaguna kwa kuridhika. Hata mke wangu aliguna, nilimsikia.

Nikajaribu njia nyingine. Nikawaeleza kwamba diazepam haiondoki mwilini haraka, nusu yake inaweza kubaki siku nzima na zaidi, kwa hiyo hata niliyoyaahidi kesho yake nikila uji hayahesabiki. Kosa la mbinu. Mtani akauliza ni yapi hayo ya kesho yake, hawakuwa na habari nayo. Nikawaeleza pia kwamba dawa hii haifuti yaliyotangulia, inafuta yanayofuata tu, na ndiyo maana zile fedha nilizomkopesha mjomba kabla malipo ya korosho hayajaingia nazikumbuka hadi shilingi. Mjomba akasema yeye hazikumbuki. Shangazi akauliza kama naye alimeza kidonge. Watu wakacheka, baraza likavunjika, mpaka ukabaki kwa mjomba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kidonge chenyewe huenda sikukihitaji. Mwaka 1963, mwaka ule ule Valium ilipoingia madukani, madaktari wa Boston wakiongozwa na Lawrence Egbert waliwagawa wagonjwa wao. Wengine walipewa dawa ya kulewesha iliyotumika enzi hizo, pentobarbital. Wengine walitembelewa na daktari wa usingizi aliyekaa nao na kuwaeleza nini kitatokea. Waliopewa dawa walisinzia na hofu yao ikabaki nao. Waliotembelewa ndio waliotulia. Ikapita miaka 52. Mwaka 2015 Wafaransa wakachukua wagonjwa zaidi ya elfu moja, wengine wakapewa lorazepam, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa, wengine hawakupewa kitu. Walipoulizwa baadaye, wenye dawa hawakuwa wameridhika kuliko wenzao. Walichelewa tu kurudi kwenye akili zao, na wengi zaidi walikuwa wamesahau. Kwa watoto mambo ni tofauti: midazolam ya maji, ambayo ni chungu hadi ichanganywe na kitu kitamu, inamwezesha mtoto kuachana na mama yake mlangoni bila vita, na nimemwona mmoja akimpungia mama mkono huku anacheka. Lakini mtu mzima wa miaka yangu, ambaye kijana wa kalamu mbili alishaketi naye jioni, alikuwa wa kupewa kidonge cha nini? Waliokuwa wanahitaji kidonge ni wale waliozunguka kitanda. Kingetolewa kwao, saa moja asubuhi, na funda moja la maji kila mmoja, nami ningesubiri zamu yangu kwa amani nikiwauliza habari za mashamba yao.

Wazo hilo ndilo lililonipa subira, kwa maana zamu ya mjomba ilikuwa njiani. Mjomba ana busha. Lake ni la kweli, la siku nyingi, analificha kwenye kanzu na watu wote wanalijua. Kambi ilipotangazwa alijiandikisha, nami nilikuwa wa kwanza kumpongeza. Nikanunua daftari. Nikazungumza na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi, mtu asiye na undugu nasi na asiyenidai jogoo. Nikapanga maswali kwa mfuatano: kwanza ule mkopo, halafu mikorosho, halafu mbuzi mmoja wa zamani ambaye sijawahi kuridhika na maelezo ya kufa kwake.

Alfajiri nikamtafuta mtaalamu wa usingizi wa kambi. Safari hii alikuwa binti mdogo, ana sauti ya taratibu. Nikamuuliza mzee atapewa kidonge saa ngapi, ili nisichelewe kuwa karibu naye. Akanishukuru kwa upendo wangu kwa mjomba. Akasema hampi.

Nikadhani sikusikia. Akaeleza kwamba wazee wa umri ule dawa hizo zinawachanganya, wanaweza kuweweseka, wakaanguka, wakapumua kwa shida, na kwamba kazi yenyewe ni ya sindano ya ganzi tu. Nikamwambia mzee huyu ana hofu kubwa sana, haionyeshi. Akasema, "Basi ngoja nikakae naye."

Nilisimama mlangoni nikaona kwa macho yangu. Akavuta kiti. Akamwamkia, akamsalimia Kimwera, mjomba akafunguka uso. Akamweleza sindano itaingia wapi, itauma kiasi gani, atasikia nini na hatasikia nini. Akamuuliza habari za shamba. Mjomba akaanza kueleza, mikono inachora hewani, na nilijua kabisa anachora nini. Walipomwita alikwenda kwa miguu yake, kanzu mkononi, akili zote kichwani, ametulia kuliko mimi niliyekuwa na daftari.

Ganzi inaua pale tu inapochomwa. Mdomo inauacha. Nimeambiwa kwamba tangu kisu cha kwanza hadi uzi wa mwisho mjomba aliwasimulia daktari, wasaidizi wake na aliyeshika taa historia ya mikorosho ile, kuanzia kwa babu, akapita kwenye hotipoti, akamalizia kwenye "Korosho ni nini?" Daktari alicheka hadi akasimama kidogo kushona.

Juzi nilikwenda kumjulia hali. Mfagiaji wa wodi aliponiona akaegemeza fagio ukutani, akafuta mkono kwenye kanga, akanipa. "Kumbe ndiye wewe uliyemrudishia mzee mikorosho yake," akasema. "Mungu akubariki, kaka. Na ile minyaa ya mpaka unaipanda lini?"